Shangazi, niwekee makosa

Ujumbe uliingia saa nne na nusu usiku, nikiwa nimeshazima taa.

"Shikamoo shangazi. Samahani kwa usumbufu wa usiku. Insha yangu nimekutumia. Naomba unisaidie kuweka makosa."

Nikadhani kidole kimeteleza. "Marahaba mwanangu. Kuondoa makosa, au siyo?"

"Hapana shangazi. Kuweka."

Nikawasha taa.

Huyu ni binti wa kaka yangu. Anaomba nafasi katika chuo cha ng'ambo kusomea tiba ya usikivu, na insha yenyewe ni ya Kiingereza, lugha aliyokutana nayo darasani. Wiki tatu ameikalia. Tarehe ya mwisho ilipokaribia akafanya wanachofanya wengi siku hizi kabla ya kutuma: akaibandika kwenye kitambuzi cha bure mtandaoni, kile kinachodai kujua kama maandishi ni ya mtu au ya akili mnemba. Kikampa asilimia 87. Ya mashine.

Akaanza kubomoa. Akatoa viunganishi, ikashuka hadi 71. Akaikata vipande vitatu sentensi ndefu ya mwanzo: 63. Akafuta koma mbili na kuharibu makusudi wakati wa kitenzi kimoja: 52. Rafiki zake wamemwambia chini ya 20 ndiyo salama. Makosa yake yalikuwa yamemwishia, sasa anaomba ya mtu mzima.

"Halafu shangazi, hii ya njano niifute yote?"

Kitambuzi kile hupaka rangi sentensi kinazozitilia shaka. Iliyokolea kuliko zote niliisoma mara mbili. Kwa Kiswahili ingekuwa hivi: nyumbani tuliacha kumwambia bibi utani kabla hatujaacha kumwambia habari.

Ni kweli tupu. Mtu akianza kupoteza usikivu, habari za maana utamrudia, utapaza sauti, hata kwenye karatasi utamwandikia. Lakini utani ukirudiwa mara ya tatu kwa kelele si utani tena. Unaishia kusema "basi, si kitu." Utani ndio hutangulia kufa. Sote tunacheka, na yeye anacheka sekunde moja baadaye, akitazama nyuso zetu ajue anyamaze lini.

Bibi huyo ni mama yangu.

Nilikuwepo.

Namba 38

Sasa niseme kilichokuwa kinanisumbua wiki kadhaa kabla ya ujumbe ule, nami nikijifanya sikioni.

Mimi mwenyewe ni msomaji wa barua hizi. Nimo katika jopo la watu watano linalopitia maombi ya ufadhili wa masomo. Ni kazi ya kujitolea. Tunaisoma jioni na mwisho wa wiki. Mwombaji hana jina mbele yetu, ana namba.

Barua ya namba 38 ilikuwa nyororo. Kila aya ilianza pake na kuishia pake. Mwenzetu mmoja akasema, "Hii imenyooka mno," akaiweka kwenye kitambuzi, kisha akatugeuzia kompyuta tuone. 92. Ipo sauti ambayo watu wazima huitoa wakikubaliana bila kujadiliana, ile "mmh" ya pamoja. Tukaitoa. Nilikuwa nimempa nane kati ya kumi. Nikafuta nane, nikaandika tano.

Hakuchaguliwa. Hatukumuuliza kitu, wala hatukumwambia sababu. Alipata barua yetu ya "tunasikitika kukujulisha", ambayo ni ile ile kila mwaka, neno kwa neno.

Hiyo hatujawahi kuipima.

Usiku ule, nikiwa na insha ya binti mkononi, nilikuwa tayari kubishana na kitambuzi mpaka asubuhi. Kwa nini? Kwa sababu nilikuwa na ushahidi. Nilikuwepo utani ulipokufa, na nina hakika kuwa hakuna programu ya akili mnemba iliyokuwa pamoja nasi. Namba 38 shahidi wake alikuwa nani?

Haraka haraka haina…

Umeshamalizia kichwani, na hukufikiri hata kidogo.

Kitambuzi kinafanya hicho hicho. Kinapita neno kwa neno, na kila hatua kinapima: hili lilikuwa rahisi kiasi gani kubashiri? Yakibashirika mengi mfululizo, kinasema mashine, maana programu hizi za kuandika nazo hutunga kwa kuchagua neno linaloelekea kufuata. Vingine hupima pia urefu wa sentensi, kwa hoja kwamba mtu huandika ndefu, akachoka, akaandika fupi. Edward Tian, mwanafunzi wa Princeton, alipotoa kitambuzi cha GPTZero Januari 2023, wiki chache tu baada ya ChatGPT kufunguliwa kwa umma Novemba 2022, aliijenga juu ya vipimo hivyo viwili.

Mwandishi hayumo kabisa katika hesabu hiyo. Kinachopimwa ni jinsi maneno yanavyobashirika, basi. Ndiyo maana mwaka 2023 watu waliibandika Katiba ya Marekani, iliyoandikwa 1787, na vitambuzi vikaihukumu kuwa kazi ya mashine. Andiko lile limenakiliwa mahali pengi mno mtandaoni, programu hizi zinalijua kama wewe unavyoijua ile "baraka" ya hapo juu.

Nani basi huandika kwa maneno yanayobashirika? Aliyejifunza lugha kwa kufundishwa. Wengi wetu tunakumbuka barua rasmi za shuleni: "Husika na kichwa cha habari hapo juu", kisha "Mimi ni kijana mwenye umri wa miaka kadhaa", kisha "Natanguliza shukrani". Ukitoka nje ya mstari huo alama zinakatwa. Tulituzwa kwa kubashirika. Na katika lugha ya pili mambo huwa magumu zaidi, kwa sababu unashika neno ulilo na uhakika nalo, na neno ulilo na uhakika nalo ndilo wenzako wote walilolishika.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walilipima jambo hili mwaka 2023. Walichukua insha 91 za TOEFL, mtihani wa Kiingereza kwa wageni wa lugha hiyo, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, wakazipitisha kwenye vitambuzi saba. Kwa wastani, asilimia 61 ya insha hizo zilihesabiwa kuwa za mashine. Insha 18 zilihukumiwa na vitambuzi vyote saba kwa pamoja. 89 kati ya 91 zilikamatwa na angalau kimoja. Insha za watoto wa darasa la nane wa Marekani, kwenye vitambuzi hivyo hivyo, zilipita karibu zote bila tatizo.

Nilisoma takwimu hizo saa saba za usiku. Lakini kilichonifanya niinuke kitini kilikuwa jaribio lililofuata. Walizichukua insha zile zile za TOEFL, wakamwambia ChatGPT azipambe kwa msamiati wa mzawa. Wastani ukashuka kutoka asilimia 61 hadi karibu 12.

Yaani wanafunzi wale walionekana watu baada ya mashine kuwagusa.

Hesabu nyuma ya bahasha

Siku mbili baadaye nilikuwa kwenye foleni, nina kalamu na bahasha tupu, nikaanza kupiga hesabu.

OpenAI, wenye ChatGPT, walitoa kitambuzi chao wenyewe mwishoni mwa Januari 2023. Walikuwa wakweli: walisema kinakamata asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine, na kwamba asilimia 9 ya maandishi ya watu kinayasingizia. Walionya pia kisitumike nje ya Kiingereza. Julai mwaka huo huo wakakiondoa, kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo.

Chukua barua 100. Tuseme 20 zimeandikwa na mashine, 80 na watu. Asilimia 26 ya 20 ni kama tano. Asilimia 9 ya 80 ni kama saba.

Watano wa kweli, saba wa kusingiziwa.

Niliirudia hesabu nikidhani nimekosea. Kwenye rundo lile la walionaswa, wasio na hatia ni wengi kuliko wenye hatia, ingawa "asilimia 9" masikioni ni kitu kidogo. Wadanganyifu wakiwa wachache kati ya wengi, kosa dogo la kitambuzi huvuna wengi, kwa sababu linavuna shamba kubwa.

Utasema vya sasa ni bora. Ni kweli, vingi vimeboreshwa. Turnitin, kampuni ya programu ya kukagua unakili katika kazi za wanafunzi, walipoanzisha chao Aprili 2023 walidai kinasingizia chini ya hati moja kwa mia. Chuo Kikuu cha Vanderbilt kikafanya hesabu ya bahasha kama yangu: kazi 75,000 zilipita kwenye mfumo wa Turnitin mwaka 2022, kabla kitambuzi hicho hakijaongezwa, na moja kwa mia ya hizo ni kazi 750. Agosti 2023 wakakizima.

Jingine linanitia aibu zaidi. Hiyo 92 ya namba 38, hakuna hata mmoja kati yetu watano aliyejua ni asilimia ya nini. Kitambuzi kimoja kinamaanisha sehemu ya andiko inayofanana na ya mashine. Kingine kinamaanisha kina uhakika kiasi gani. Hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa, na sisi tuliiona namba nyekundu tukaguna.

Pajama zilizoungua

Je, natetea wadanganyifu? Nimejiuliza hili mara nyingi, na sikupata jibu lililonituliza kabisa.

Barua za mashine zipo. Nimesoma moja iliyosahau kujaza mabano, "[andika jina la chuo hapa]", katikati ya aya ya mapenzi mazito kwa chuo hicho. Tulicheka. Pia ipo ladha fulani unayoizoea ukishasoma barua arobaini kwa jioni moja: kila changamoto imeshindwa, kila kushindwa kumefundisha, na mwisho wa kila aya mtu amekua. Nimechoka na kukua.

Lakini ladha hiyo ilikuwepo kabla. Mwaka 2007, UCAS, chombo kinachopokea maombi ya vyuo vikuu Uingereza, kilipitisha maelezo binafsi 50,000 ya waombaji kwenye programu ya kulinganisha. Ikakuta waombaji 234 wakisimulia kisa kile kile cha kutoboa pajama kwa moto wa majaribio ya kemia wakiwa na miaka minane. Wote 234. Walikuwa wamenakili mfano mmoja wa mtandaoni. Na 175 walikuwa na babu mzee au mgonjwa.

Hapo kwenye babu nilisita. Maana binti yetu naye ana bibi mgonjwa. Msomaji mgeni akiiona ile insha ataguna: haya, bibi mwingine. Mada yenyewe ni ya wote, haina mwenyewe. Kilicho chetu ni ule utani tu, na utani ndio uliopakwa njano.

Tena kuna jambo ambalo majopo hatupendi kulizungumza. Kuandikiwa barua hakukuanza na kompyuta. Wenye pesa wamekuwa na washauri wa kulipwa miaka yote, mzazi mhariri, mwalimu wa ziada anayekaa na mtoto mpaka insha ing'ae. Insha ya namna hiyo ilipotufikia tuliiita "iliyokomaa", tukaipa tisa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell walilinganisha insha za akili mnemba na maelfu ya insha za waombaji halisi wa vyuo, na matokeo yao, yaliyochapishwa 2024, yanaonyesha za mashine hufanana zaidi na za wanaume wa familia zenye uwezo. Sikushangaa. Sauti tuliyoipa tisa miaka yote ndiyo mashine iliyoipokea.

Aya ya tatu

Nilipompigia binti kesho yake, nilikuwa nimeshajiandalia hotuba. Nilitaka kumwambia asimame wima, asiharibu kazi yake kwa kuogopa programu.

Akanisikiliza. Kisha akanyamaza.

"Shangazi, nikwambie ukweli?"

"Niambie."

"Aya ya tatu nilimpa ChatGPT anirekebishie sarufi. Hiyo moja tu."

Nakiri nilipoa. Usiku mzima nilikuwa nimemtetea kama wakili, sasa mteja anakiri. Swali la kwanza lililonijia lilikuwa la kijopo: kwa hiyo ile 87 ilikuwa na chembe ya ukweli?

Nikafungua insha, nikaitazama aya ya tatu. Haikuwa na rangi hata kidogo. Kitambuzi kiliiona safi. Njano yote ilikuwa kwenye aya alizoandika kwa mkono wake.

Hata hivyo swali halikuisha. Common App, mfumo wa maombi unaotumiwa na vyuo zaidi ya 1,000, vingi vya Marekani, tangu 2023 unahesabu kuwa udanganyifu kuwasilisha maudhui ya msingi ya akili mnemba kama yako. UCAS nao wanakubali uitumie kufikiria na kupanga, si kuizalisha insha na kuinakili. Sheria zote mbili naziona za haki. Lakini "msingi" unaanzia koma ya ngapi? Mwaka juzi nilimrekebishia kaka yake huyu huyu binti insha nzima, nikambadilishia mpaka mpangilio wa aya. Tuliita kusaidiwa na shangazi. Asiye na shangazi anayesoma barua za maombi jioni, amwombe nani?

Nilimwambia aiandike upya aya ya tatu kwa mkono, na kama fomu ina mahali pa kueleza msaada alioupata, aeleze. Akasema sawa. Kisha akauliza, na mimi nikakosa jibu: "Sasa nikiandika mwenyewe halafu ikatoka njano?"

Tulichokubaliana

Vyuo navyo vinahangaika. Duke waliacha mwaka 2024 kuzipa insha alama za namba. Wanazisoma, lakini namba hawaweki. UCAS wameyavunja maelezo binafsi yale marefu kuwa maswali matatu kwa wanaoanza masomo 2026. Wengine wanarudi kwenye usaili wa ana kwa ana au kwa video, na wengi huona hiyo ndiyo dawa. Mimi nasita. Usaili unampenda mwenye ulimi mwepesi. Mwenye kigugumizi je? Na kwa video inayokatakata, mtu wa usikivu hafifu kama mama yangu angeonekana mjinga ndani ya dakika mbili, na tungegeuziana macho na kutoa ile "mmh".

Niliwaandikia wenzangu wanne barua pepe ndefu kuliko inavyostahili. Niliambatanisha picha ya bahasha.

Wawili walikubali siku hiyo hiyo. Mmoja aliuliza muda utatoka wapi, na ni swali la haki, kwa sababu barua haziishi na sisi tuna kazi nyingine. Yule aliyegeuza kompyuta alikataa: "Tukiacha kupima tutasoma takataka tu." Sikumwona mbaya. Yeye ndiye anayesoma kwa makini kuliko sote, na hasira yake ni ya mtu anayeheshimu barua.

Tulibishana wiki mbili. Tulipofika ni hapa: hakuna kufungua kitambuzi kabla wala baada ya alama. Mwenye shaka na barua ataandika swali moja kwa mwombaji kuhusu kitu kilichomo ndani ya barua, kitu kidogo, na jopo litangoja jibu. Swali ninalolifikiria ni la namna hii: ulisema mliacha kumwambia utani, wa mwisho ulikuwa upi? Nalo si kinga. Mtu anaweza kumwuliza mashine utani. Lakini angalau mwombaji atajua ametiliwa shaka, naye atapata nafasi ya kusema.

Niliuliza pia kuhusu namba 38. Duru imefungwa, fedha zimegawiwa. Kanuni zinamruhusu kuomba tena mwakani. Akiomba atapewa namba nyingine na mimi sitamtambua.

Ile tano yangu bado imo kwenye jedwali. Nimeifungua mara tatu kuitazama.

Saa tano na dakika arobaini

Siku ya mwisho ya maombi, binti alinitumia nakala aliyowasilisha. Dakika ishirini zilikuwa zimebaki dirisha lifungwe.

Niliisoma kwa kidole. Sentensi ndefu ya mwanzo ilikuwa imeunganishwa tena. Kitenzi alichokiharibu kilikuwa kimetengemaa. Aya ya tatu ilikuwa mpya, na kwa kweli ilikuwa na mikwaruzo zaidi kidogo kuliko ile ya zamani. Ni ya mtu anayetafuta neno. Chini kabisa, kwenye maelezo ya ziada, mstari mmoja: rasimu ya awali ilirekebishwa sarufi ya aya moja kwa akili mnemba, na aya hiyo imeandikwa upya.

Sentensi ya bibi ilikuwepo, mahali pake pale pale. Nilimpelekea mama yangu karatasi, nikiwa nimeiandika kwa Kiswahili kwa herufi kubwa. Akaisoma, akakunja uso, akaniambia, "Kwa hiyo mlikuwa mnajua."

Nilirudi kwenye simu kumwambia binti amefanya vizuri. Kabla sijaandika, nikaona kwenye aya ya pili, kati ya vishazi viwili visivyopaswa kugusana, nafasi tupu.

"Hapa kuna koma imepotea," nikamwandikia.

"Haijapotea shangazi. Hiyo moja nimeiacha nje kwa usalama."